Nidhamu au bando: nini kinamwangusha anayesoma mtandaoni?

Mwalimu wa Makete, kusini mwa Tanzania, anayesomea shahada kwa njia ya mtandao akiishia njiani, maelezo huwa mawili. Wapo watakaosema hana nidhamu, kwa sababu masomo haya yanamtaka mtu ajipangie, ajifuatilie na ajisahihishe mwenyewe. Wengine watasema mnamwonea: umeme ulikatika, bando liliisha video ikiwa katikati, na mvua za Novemba zikianza hakuna wa kumpandia mahindi.

Hao wa kwanza wana hoja nzito. Barry Zimmerman, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, alieleza kujisimamia kama mzunguko wa hatua tatu: kupanga kabla ya kusoma, kujichunga wakati wa kusoma, na kujitathmini baadaye ili tathmini hiyo izae mpango unaofuata. Darasani mwalimu hukubebea sehemu kubwa ya mzunguko huo bila wewe kujua. Kengele inakupangia muda, jicho lake linakuchunga, jaribio la Ijumaa linakutathmini. Ukihamia mtandaoni, vyote vinaondoka kwa mpigo.

Panapovunjika zaidi ni kwenye tathmini. Ukizipitia noti mara tatu, maneno yanazoeleka machoni na unajiona umeelewa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu na wale waliokifunika wakaandika walichokumbuka. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Wiki moja baadaye waliojipima walibaki na 56, wenzao 42. Kwa hiyo ile "nimeelewa" ya usiku uleule ni shahidi wa uongo.

Daftari la tafakuri, ambamo mwanafunzi huandika alivyojifunza na alipokosea, nalo lina mtego huohuo. Chukua mwanafunzi wa uhasibu anayekokotoa uchakavu, yaani thamani inayopungua kila mwaka, wa mashine ya kusaga iliyonunuliwa kwa shilingi 12,000,000, itakayotumika miaka 5 na kuuzwa 2,000,000. Amepata 2,400,000 kwa mwaka, jibu sahihi ni 2,000,000. Akiandika "mada ya uchakavu ni ngumu, nitaongeza bidii", amepoteza wino. Akiandika "niligawa kwa miaka bila kutoa kwanza bei ya kuuzia, Jumamosi nafanya maswali matatu ya aina hii bila kufungua noti", hiyo ndiyo tafakuri. Kosa limetajwa, chanzo chake kimetajwa, na wiki ijayo imebadilika. Sentensi mbili zinatosha. Kurasa tatu za kujilaumu hazisaidii kitu.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la René Kizilcec na wenzake, lililohusisha zaidi ya robo milioni ya wanafunzi katika kozi zaidi ya 200 za mtandaoni. Baadhi yao waliombwa mwanzoni waandike lini na wapi watasoma. Wiki za kwanza walichangamka, lakini hilo halikuongeza wanaomaliza kozi. Wanaohubiri ratiba wasome hapo taratibu: mpango wa siku ya kwanza hauwezi kujua mtoto ataugua wiki ya sita.

Nionavyo, kosa la ratiba nyingi ni kupangwa kwa saa anazotamani mtu, siyo alizonazo. Anza kwa kuandika wiki moja ilivyopita kweli. Mwalimu akitoka shule saa 9:30 alasiri, akapitia shamba, akala, saa 2 usiku ndiyo anashika simu, na saa 4 macho yamefunga. Hizo ni saa 2, na si kila siku. Tuseme siku 4, yaani saa 8 kwa wiki. Panga kazi ya saa 6, mbili ziachwe kwa ajili ya umeme na misiba. Anayejipangia 14 atakuwa na deni kufikia Jumatano, na mwenye deni hukimbia kufungua hata ukurasa wa kozi. Ratiba ya Julai pia usiihamishie Desemba. Julai Makete baridi ni kali lakini mavuno yako ndani. Desemba kuna palizi.

Bando nalo lina dawa ya nusu. Ukifika mjini, Njombe au Mbeya, pakua moduli za wiki mbili kwa mkupuo, na video ziache kama maandishi yake yapo. Bando la kijijini libaki la kutuma kazi na kuuliza swali. Kundi la WhatsApp la darasa lifunguliwe baada ya kujipima, maana ukiliona jibu la mwenzako kwanza, hutajua ulikuwa unajua nini.

Lakini kuna mzigo ambao si haki kumtwika mwanafunzi. Chuo kinachoweka jaribio moja tu mwisho wa muhula, halafu kikamwambia ajitathmini, kimemnyima kioo. Maswali 5 kila wiki, yanayosahihishwa na mfumo wenyewe na kueleza kwa nini jibu si sahihi, huandaliwa mara moja na hutumika miaka. Mkufunzi akitaka na zile sentensi mbili za tafakuri, wanafunzi 40 kwa dakika 2 kila mmoja ni dakika 80 kwa wiki. Dakika hizo ziandikwe kwenye mzigo wake wa kazi. Asipozipewa, kufikia wiki ya nne hatakuwa anasoma tafakuri hizo, na wanafunzi watagundua kabla yake.