Mzee Aliyeutia Kivuli Mwavuli Wake

Niliwahi kuwa msimamizi wa gati katika kisiwa cha faragha chenye hoteli moja, kisiwa kidogo ambacho mtu mvivu anaweza kukizunguka kwa miguu na kurudi alikoanzia kabla chai yake haijapoa. Kazi yangu, kama ilivyoandikwa katika mkataba, ilikuwa kuhakikisha kwamba wageni wa kutwa, yaani wale wanaofika asubuhi na kuondoka jioni bila kulala, hawazidi 20 kwa siku, na kwamba kila mmoja wao amejiandikisha mapema na amefungwa utepe wa njano mkononi. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi, na nadhani hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kanuni yenyewe haikuwa ya uchoyo. Kisiwa hakikuwa na mto wala kisima, na maji yote ya kunywa, kupikia na kuogea yalitoka katika mashine moja ya kuondoa chumvi, iliyonguruma usiku na mchana nyuma ya jiko. Mgeni wa kulala huoga mara mbili, na hesabu yake inajulikana. Mgeni wa kutwa husuuza miguu, husuuza watoto, husuuza hata viti alivyokuja navyo, na kwa kuwa hayupo katika hesabu yoyote, hakuna anayejua amekwenda na lita ngapi mpaka tangi litakapotoa sauti ya kukoroma.

Tatizo ni kwamba wasiojiandikisha walikuwa na akili kuliko mimi. Mmoja alijitambulisha kuwa mwanamuziki wa jioni, naye hakuwa na ala yoyote isipokuwa miwani ya kuogelea. Mwingine alisema amekuja kumtembelea mgeni wa chumba namba 60, wakati vyumba vyetu vilikuwa 24. Aliyenikomaza zaidi ni fundi wa umeme aliyeshuka akiwa na watoto wanne na mpira. Huyo nilimruhusu, na hadi jua linazama hakuwa amegusa hata swichi. Tangu siku hiyo niliapa kwamba asiyevaa sare ya kazi hanipiti, aseme atakavyosema.

Ilikuwepo pia kamba. Katika nchi nyingi, sehemu ya ufuo iliyo chini ya alama ya maji kujaa ni mali ya umma hata kama nchi kavu ya juu yake ina mwenyewe, na kisiwa chetu kiliufuata utaratibu huo. Kwa hiyo sikuwa na mamlaka ya kumfukuza mtu aliyekaa kwenye mchanga wa chini, na nilichoweza kufanya ni kusimika vigingi kwenye alama hiyo, kufunga kamba, na kuwaeleza watu kwa upole kwamba chini ya kamba wapo huru na juu ya kamba wapo kwangu.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuja siku mbili baada ya mwezi mpevu, na bahari ilikuwa katika bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Saa 4 asubuhi maji yalikuwa yamepwa mbali kabisa, fungu lote la mchanga likiwa nje, ndipo mashua moja ya kukodi ilipotia nanga na kushusha familia yenye vikapu, miavuli miwili na bibi mmoja aliyebebwa juujuu ili asilowe. Nyuma yao alifuata mzee aliyevaa kaptura na kofia pana ya majani, mkononi ana kisanduku, begani amebeba kitu cheupe, kirefu kama mita 1, kinene kama mguu wa meza nzito, kilichofungwa ndani ya nailoni. Daftari langu lilikuwa limekwisha kujaa majina 20.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia, "miavuli binafsi hairuhusiwi kuvuka kamba."

"Marahaba, mwanangu. Huu si mwavuli. Mimi ni fundi wa mashine ya maji."

Nilitabasamu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuusikia wimbo huo. Nilimweleza habari za fundi wa umeme na mpira wake. Mzee hakukasirika. Alisema meneja ndiye aliyemwita na kwamba alipewa namba ya mtu wa gatini, kisha akatoa simu na kubonyeza. Wakati huohuo simu yangu ikatetemeka mfukoni. Kwa kuwa tulifundishwa kwamba si adabu kupokea simu mbele ya mgeni, nilimwomba radhi, nikaitoa, nikaona namba nisiyoijua, nikaikata na kuirudisha.

"Endelea, mzee."

Akaitazama simu yake, kisha akanitazama mimi. "Amekata," alisema.

"Watu wa siku hizi," nilimjibu kwa huruma.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo hadi leo, nikilikumbuka nikiwa kitandani, hujifunika shuka usoni. Niliamua kuwaelimisha. Niliwakusanya yule mzee na familia yote kando ya kamba, nikawaeleza kwamba kudhibiti wageni wa kutwa si ubaguzi. Kwamba kisiwa cha Boracay huko Ufilipino kilifungwa kwa miezi 6 mwaka 2018 ili kisafishwe baada ya kuelemewa na watalii na majitaka. Kwamba ghuba ya Maya Bay ya Thailand ilifungwa mwaka huohuo, na ilipofunguliwa mwaka 2022 boti hazikuruhusiwa tena kuingia ndani yake. Kisha, nikiwa nimenogewa, nikaingia katika mashine. Nilisema kwamba kila lita ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na kwamba mashine yetu huyasukuma maji hayo katika utando mwembamba kwa nguvu ya baa 60.

Baba wa familia alinyoosha mkono. "Kisiwa kidogo kama hiki kina baa 60, nanyi mnatunyima kuingia?"

Nilimfafanulia kwamba baa hizo ni kipimo cha shinikizo wala haziuzi kinywaji, lakini nilimwona usoni kwamba hakuniamini. Nikaharakisha kumalizia kwamba katika kila lita 100 zinazoingia, lita 100 za maji matamu hutoka.

"Arobaini hivi," mzee alisema taratibu. "Zinazobaki hurudi baharini na chumvi yote. Zingetoka mia, chumvi ingekwenda wapi?"

Nilimshukuru kwa mchango wake na kumwambia kwamba haya ni mambo ya kitaalamu kidogo.

Wakaketi chini ya kamba. Nilirudi kibandani kwangu, na kila nilipochungulia niliona jambo lililonishangaza: familia ilikuwa chini ya miavuli yake, lakini yule mzee alikuwa amevua shati na kulitandaza juu ya mwavuli wake, akiulowesha kila mara, huku mgongo wake ukiungua. Nilikwisha kuona watu wengi wakitiwa kivuli na miavuli. Mtu anayeutia mwavuli kivuli sikuwahi kumwona, na nikamwandika pembeni mwa daftari kuwa huenda jua limempanda kichwani.

Saa 6 meneja wetu, mama asiyerudia maneno, alinipigia. Alisema utando wa mashine umechoka, maji ya tangini yanaelekea kwisha, na fundi yuko njiani na utando mpya. Boti yetu imepeleka wapiga mbizi, kwa hiyo atapanda chombo chochote atakachopata. Nilisimama wima kana kwamba ananiona. Nikauangaza upeo wote wa bahari, kutoka kaskazini hadi kusini, nikimtafuta mtu mwenye ovaroli. Saa 7 akauliza tena. "Bado, mama," nilisema. "Nipo hapa tangu alfajiri, na bila utepe hajapita hata mmoja." Niliisema kauli hiyo kwa fahari, na ilikuwa kweli tupu.

Saa 9 wapiga mbizi 16 walirudi, wameganda chumvi hadi kwenye nyusi, na wote wakaingia bafuni kwa mpigo. Dakika chache baadaye tangi likakoroma. Mtu wa kwanza kufika gatini alikuwa bwana mmoja mrefu mwenye taulo kiunoni na povu kichwani lililosimama kama kilemba, jicho moja limefumba kabisa na la pili likinitafuta. Nyuma yake alikuja meneja.

"Fundi yuko wapi?"

"Hajafika, mama."

Akatoa simu yake, akapiga. Sote watatu tukasikia mlio ukitoka chini ya kamba.

Maji ya bamvua yalikuwa yamepanda. Ile familia ilikwisha kurudi kwenye mashua zamani, na nchi yote ya umma ilikuwa imebaki ukanda usiozidi hatua mbili, nao ulikuwa chini ya maji. Mzee alikuwa amesimama humo, maji yamemfika magotini, kisanduku kichwani, bomba lake jeupe begani likiwa limevaa shati. Akapokea. "Nipo, mama," alisema. "Nipo katika eneo la umma."

Meneja hakuniambia neno. Alinigeukia tu, na yule bwana wa povu naye akanigeukia kwa jicho lake moja. Nikaifungua kamba kwa mikono iliyokuwa haijui fundo ni kitu gani.

"Mzee wangu, tafadhali panda juu."

"Juu ya kamba ni kwa waliojiandikisha," alinijibu, wala hakuwa na kejeli sauti yake, jambo lililoniumiza zaidi. "Nafasi ipo?"

Haikuwepo. Daftari langu lilikuwa na mistari 20 niliyoipiga kwa rula mwenyewe. Nikapiga wa 21 kwa mkono, ukapinda kama nyoka, nikamwandika jina. Akataka pia safu ya sababu ya ziara ijazwe, akanitajia neno lenyewe: maji. Utepe sikuwa nao tena, akasema atasamehe.

Alifanya kazi mpaka usiku, mimi nikimshikia tochi. Utando ulikuwa mzima. Laiti ungepigwa jua mchana kutwa na kukauka, aliniambia, tungeutumia kweli kama mguu wa meza. Alinieleza kila kifaa kwa jina, bila haraka, na safari hii sikuchangia.

Wiki iliyofuata ankara yake ilifika, na meneja akanipa mimi niithibitishe kwa saini. Ilikuwa na utando 1, vichujio 2, nauli ya mashua, na saa 5 za kusubiri, ambazo 1 kati yake ilitozwa zaidi kwa kuwa ilikuwa ndani ya maji. Chini kabisa, kwa mwandiko safi, aliandika: "Mafunzo kuhusu mashine ya kuondoa chumvi, yaliyotolewa na mteja kwa fundi. Punguzo: 0."

Nikasaini.