Karakana ya mabati Mtwara: upige plaiwudi ndani au uache bati wazi?

Jamaa yangu ana karakana ya mabati hapa Mtwara, fremu ya skwea paipu, mita 6 kwa 4, sasa anataka kuizungushia plaiwudi ndani kote, akaniuliza afanye au aache. Afanye, ila sio kote.

Raha yake naijua. Kwenye bati tupu hutundiki hata nyundo, lakini ukipiga plaiwudi ya milimita 12 unakaza skrubu popote unapotaka, shelfu, switchi, spana zote ukutani unaziona, wakati jipsam ukiigusa na ngazi tu imetoboka. Kelele nayo inapungua kidogo. Wanaosema inakata joto hapo nabisha, maana saa nane mchana moto wenyewe unashuka kutoka kwenye paa, ukipendezesha ukuta huku juu bati liko uchi utatoka jasho vilevile.

Sasa ubaya. Mimi niliwahi kushusha karatasi za plaiwudi mpaka sakafuni, zikapita mvua za msimu mmoja tu, siku navuta kabati nakuta ukingo wa chini umevimba kama andazi, tabaka zimeachana na mchwa wamejenga njia yao ya udongo mpaka usawa wa kiuno. Kosa langu, sikuacha hata inchi moja chini, wala kingo sikuzipaka rangi. Na nilibana plaiwudi kwenye bati lenyewe, wakati huku pwani bati likipoa usiku unyevu wa hewa unageuka maji kwa ndani, plaiwudi inayanywa yote. Lazima kuwe na nafasi nyuma hewa ipite, na utumie skrubu sio misumari, ili siku ukitaka kuangalia kutu unafungua tu.

Upande wa kuchomelea ndo kabisa asithubutu. Cheche ya grinda ikipenya nyuma ya plaiwudi inafuka taratibu, nyie mshafunga mko nyumbani mnakula. Pale bati libaki bati.

Halafu piga hesabu, kuzunguka kote kwa karatasi za futi 8 kwa 4 ni kama karatasi 17 ukiacha kutoa mlango, ukuta mmoja mrefu wa meza ya kazi ni 5 tu. Nimemwambia anunue hizo 5, hela ya zilizobaki aweke karatasi ya kuzuia joto chini ya paa. Analalamika wateja watadhani hela imeishia njiani, na kweli imeishia, iko juu ya vichwa vyao.