Kila mtu kawa mtaalamu wa majoka

Hivi ni mimi tu au siku hizi kila mtu kawa profesa wa majoka? Miaka ile filamu ya Return of the King inabeba Oscar 11, mwaka 2004, sisi tuliopenda haya mambo tulionekana watoto, eti mtu mzima na ndevu zake anaangalia wachawi! Ikaja tamthilia ya majoka, Game of Thrones, 2011, mpaka inaisha 2019 na sizoni ya 8 wale wale waliotucheka ndo wanatufundisha nani mtoto wa nani, nani kazaa na dada yake, yaani unaelekezwa kwenu na mgeni.

Na hawana siri jamani!! Episodi ilikuwa inaruka Marekani jumapili usiku, huku kwetu ni saa kumi alfajiri, unaamka saa moja uwahi daladala unakuta mtu keshaweka status "RIP" na picha ya marehemu. Ulilala saa ngapi wewe? Kazini unaenda kweli?

Sasa waambie wasome vitabu ilikotoka hiyo Game of Thrones. Thubutu. Cha tano kilitoka 2011, cha sita tunakisubiri mpaka waliozaliwa mwaka ule wako sekondari, ila yeye anakwambia mwandishi mvivu, na hajafungua hata cha kwanza.

Kinachonimaliza kabisa ni hawa hawa, bibi akisimulia jini wa kwenye mbuyu wanamwambia aache ushirikina. Joka la kizungu linatema moto, hilo wanalinunulia bando.