Mwewe, Yai na Betri Yangu

Kwetu Dar es Salaam neno "baridi" ni sifa ya soda, si ya hewa, na kwa sababu hiyo ninaomba nisamehewe ikiwa usiku wangu wa kwanza kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro nililala nimevaa suruali mbili, sweta tatu na kofia ya sufu, na bado nikaamka alfajiri nikiyapapasa masikio yangu kuhakikisha kwamba yapo. Ukingo ule uko takribani mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai ukungu huulalia hadi mtu asimwone aliye naye hema moja.

Nilikuwa nimekuja kumpiga picha korongo taji, ndege mwenye manyoya membamba ya rangi ya dhahabu yaliyosimama kichwani kama miali. Jua la asubuhi likimwangaza kutoka nyuma, taji lile huwaka. Tatizo ni kwamba jua la kreta lina mambo yake: hulazimika kwanza kuupanda ukuta wa mita zipatazo 600, kisha likishatokea hutoa mwanga wa dhahabu kwa muda mfupi tu kabla ya kugeuka jeupe na kumfanya kila ndege aonekane kama amepakwa unga.

Kamera yangu ilikuwa na betri mbili kuukuu. Wazoefu walikuwa wamenionya kwamba betri ya namna ile, ikipigwa na baridi, huzima ingawa bado ina chaji, na kwamba dawa yake ni kuiweka ya akiba karibu na mwili ili ipate joto. Ushauri ulikuwa mzuri, ila mwili wenyewe ulikuwa ukitafuta pa kuota moto. Kwa hiyo mpishi wa kambi aliponipa mayai mawili ya kuchemsha, yakiwa bado yanafuka mvuke, niliyatia katika soksi nene ya mistari ya buluu pamoja na betri, nikafunga fundo, nikajiona mvumbuzi.

"Mwanangu, hiyo soksi ni safi?" aliuliza mzee aliyekuwa akituendesha.

"Shikamoo, mzee," nilijibu, kwa kuwa sikuwa na jibu jingine.

Tuliteremka mara tu lango lilipofunguliwa saa kumi na mbili, mimi, mzee, na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja aliyekuwa amejifunika shuka mpaka puani. Tulipofika Ngoitokitok, mojawapo ya sehemu chache ndani ya kreta ambako wageni huruhusiwa kushuka garini, mzee alitoa tangazo moja tu: mwewe wa pale ni wezi, na mwenye njaa ale ndani ya gari.

Kando ya maji walikuwapo korongo taji wawili, na kama kwamba walikuwa wakitungoja, wakaanza kucheza: wakainamiana, wakaruka, wakatandaza mabawa, na jua likaingia moja kwa moja ndani ya mataji yao. Nilishuka, nikainua kamera, nikapiga picha moja iliyotikisika kwa jinsi nilivyokuwa nikitetemeka, kisha kamera ikazima.

Nilifungua soksi papo hapo, nje ya gari. Agizo la mzee nililikumbuka vizuri, lakini nililitafsiri kama wakili: yeye alizungumzia kula, nami sikuwa nakula, nilikuwa nabadilisha betri. Betri ilikuwa chini kabisa, hivyo nikalitoa yai la kwanza nikalishika mkono wa kulia, na soksi yenye yai la pili nikaiinua kwa mkono wa kushoto ili nichungulie ndani. Nilisikia upepo sikioni, nikahisi kofi la bawa shavuni, na mkono wa kushoto ukabaki mtupu.

"Mjomba," alisema mpwa wangu kwa utulivu, "soksi yako inaruka."

Mwewe alizunguka mara moja juu ya bwawa akijaribu kula angani, kama ilivyo desturi yake. Nadhani alianza na betri, maana ghafla aliachia mzigo wote, ukatumbukia katikati ya viboko. Kiboko mmoja aliinua kichwa, akapuliza maji, akazama. Korongo taji waliendelea kucheza mpaka mwanga ulipogeuka mweupe, nami nikiwatazama kwa macho yangu mawili yasiyo na kadi ya kuhifadhia.

Picha ya safari ile tunayo, na ni nzuri mno. Aliipiga mpwa wangu kwa simu ya mama yake. Mwewe yuko katikati, jua likipenya ncha za mabawa yake, soksi ikining'inia kuchani; chini wako korongo wawili, mataji yakiwaka; na pembeni nipo mimi, mdomo wazi, nimeinua yai.

Yai lile nililirudisha garini bila kujua kwamba bado nimelishika. Mzee alinyoosha mkono, akaliomba, akafunga madirisha yote kwa utaratibu, ndipo akaanza kulimenya.