Basi la ghorofa tunalionea

Video ya yale mabasi mekundu ya ghorofa ya Mumbai, India, yale mapya ya umeme, ikizunguka tu kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku Malindi utasoma majibu mawili. La kwanza ni "hilo litapinduka", la pili ni "hayo maonyesho tu ya wenye pesa". Sijaona anayeuliza lile swali ambalo kwangu ndio lenyewe: jiji lile lina msongamano kutushinda, lina mvua za kufurika barabara, shirika lake la mabasi kila mwaka lapata hasara, na mabasi ya ghorofa lilikuwa lishayaacha yakafa karibu yote, sasa limerudi kuyanunua kwa nini?

Manake yalikufa kweli. BEST, shirika la umma la mabasi ya Mumbai, lilianza na ya ghorofa mwaka 1937, na kufikia mwanzo wa miaka ya 90 yalikuwa kama 900. Wazee wa huku waliokwenda Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, kwa biashara au kwa matibabu wanayajua vizuri. Baadaye yakawa yakichakaa hayabadilishwi, mpaka Septemba 2023 yale ya dizeli ya mwisho yakastaafishwa, watu wakaja kuyapamba maua na kupiga nayo picha. Lakini Februari ya mwaka huo huo mapya ya umeme yalikuwa yashaanza kazi, yana viyoyozi, siti 65 hivi, milango miwili na ngazi mbili. Mtu haachi kitu miaka 30 kisha akakirudia kwa ajili ya picha.

Tuanze na hili la kupinduka, ndilo linalotisha watu na mimi siwalaumu. Ukisimama chini ukaangalia gari la zaidi ya mita nne kwenda juu, na juu kumejaa watu, akili inakwambia linayumba hilo. Ila uzito wa basi hauko pale jicho linapotazama. Chesisi, eksoli, magurudumu, mitambo mizito yote iko chini, ile ghorofa ya juu ni bati jepesi, vioo na viti. Ni kama jahazi lenye farumi, ule uzito wa kulituliza, unaona mlingoti na tanga huko juu lakini kinacholishikilia kiko chini hukioni.

Na hili halikuachwa kwa maneno matupu. Uingereza, muundo wa basi la ghorofa kabla ya kukubaliwa kubeba watu unapimwa kwa kuinamishwa. Wanalipandisha basi kwenye jukwaa, siti za juu zote wanaziwekea uzito wa abiria, chini wanaacha patupu kabisa, yaani wanatengeneza ile hali mbaya zaidi ambayo haiwezi hata kutokea siku ya kawaida, kisha jukwaa linainuliwa upande mmoja mpaka nyuzi 28. Basi lisianguke. Jaribu kuipiga picha kichwani: gari lina upana wa kama mita mbili na nusu, magurudumu ya upande mmoja yameinuka zaidi ya mita moja kuliko ya upande wa pili, watu wamejaa juu chini hakuna mtu, na bado limesimama. Sasa we niambie ni barabara gani hapa Malindi, au Kilifi, au Mombasa yenye mwinamo kama huo. Hata mashimo yetu, na tunayajua, hayafiki huko.

Kuna kisa cha London cha Desemba 1952, dereva aitwaye Albert Gunter alikuwa juu ya Tower Bridge na basi lake la ghorofa lina abiria, daraja likaanza kufunguka yeye yuko juu, akakanyaga mafuta badala ya breki akaruka pengo akatua upande wa pili. Basi halikulala. Sisemi huo ni ushahidi wa kisayansi, lakini nikimsikia mtu akisema haya magari yanaangushwa na upepo nakikumbuka.

Ila nyuzi 28 ni za gari lililosimama, gari lililo mwendoni ni habari nyingine, na hapa wenye hofu lazima wapewe haki yao. Februari 2018 huko Tai Po, Hong Kong, basi la ghorofa lilipinduka watu 19 wakafa, dereva aliingia kona kwa kasi. Mwaka 2019 Ottawa, Canada, basi la ghorofa liliacha njia likagonga paa la kituo, lile paa likachana ghorofa ya juu, wakafa watatu. Ajali mbili tofauti kabisa na zote mbili zatufundisha. Ya kwanza ni kasi, basi refu halisamehi kona inayoingiwa kama mbio za mashua. Ya pili ni urefu wenyewe wa kwenda juu, mtu aliyekaa juu yuko usawa wa vitu ambavyo gari la kawaida vinapita juu yake: mapaa, waya, matawi, madaraja ya chini. Hong Kong baada ya ile ajali haikuyaondoa mabasi ya ghorofa, mpaka leo mabasi yake mengi sana ni hayo hayo.

Sasa nije kwenye hesabu ambayo hainitoki kichwani. Matatu ya watu 14 ina urefu wa kama mita tano. Watu 65 waliojaza siti za lile basi la Mumbai ukiwaweka kwenye matatu unahitaji matatu tano. Zipange foleni, acha mita mbili tu kati ya gari na gari, umeshakula zaidi ya mita 30 za barabara. Lile basi ni kama mita 10. Yaani barabara ile ile, watu wale wale, theluthi moja ya nafasi, na hapo zimesimama, zikianza kutembea kila gari lataka nafasi yake mbele na nyuma kwa hiyo tofauti inazidi. Aliyekaa foleni ya Mtwapa jioni ametoka kazini kachoka, akitazama mbele na nyuma anaona nini? Matatu, matatu, tuktuk, gari la mtu mmoja, matatu. Barabara inapanuliwa, sawa, alhamdulillahi, lakini kisiwa cha Mombasa hakipanuki, daraja la Nyali ni lile lile la 1980, na Digo Road huwezi kubomoa maduka pande zote mbili ili gari zipite.

Mtu atasema basi tununue yale marefu yenye kiungo katikati, yale ya kujikunja. London waliyajaribu miaka ya 2000, mita 18, la mwisho likaondolewa Desemba 2011. Siasa ilikuwemo, sikatai, lakini tazama jambo moja ambalo kwetu Kenya lina uzito kuliko kwao. Yale ya kujikunja siti zake ni kama 50 tu, watu wengine wote wanasimama wameshika vyuma. Kwetu sheria za matatu za 2004, zile za waziri Michuki, zilisema abiria akae, afunge mkanda, hakuna kusimama. Tunaivunja kila siku, haya, lakini ndio sheria na ilikuja kwa sababu watu walikuwa wanakufa. Ukitaka abiria wote wawe wamekaa na barabara haiongezeki urefu wala upana, uende wapi kama sio juu?

Wapo wanaosema Kenya ilishajaribu ikashindwa. Ni kweli Nairobi iliyaona, Kenya Bus ilikuwa nayo, na kampuni ya Uskoti, Stagecoach, ilipoichukua Kenya Bus mwaka 1991 ikaleta mengine. Miaka ya mwisho ya 90 ikauza ikaondoka. Lakini hayo mabasi yalishindwa na nini? Baadhi yake yalirudishwa Uingereza yakaenda kubeba watu Manchester, yakaendelea na kazi. Basi bovu halisafirishwi kwa meli likafanye kazi kwingine. Kilichoyashinda ni soko ambalo matatu inajaza, inaondoka, inapandisha nauli mvua ikinyesha, inapita njia yoyote, halafu unaliweka basi lenye njia moja na nauli moja lishindane nayo bila mtu wa kulilinda.

Na hapo ndipo wanaopinga wana hoja ninayoiheshimu kuliko ile ya kupinduka, wala siwasikii wakiisema. Matatu tano zinatoka moja moja, basi moja latoka mara moja. Mnaojua kungoja gari lijae stejini Malindi saa nane mchana, jua limesimama, umekaa siti ya nyuma umepakata mzigo, wamebaki wawili, makanga anaita Kilifi Mombasa Kilifi Mombasa, halafu aliyekuwa amekaa anashuka kununua maji inakuwa wamebaki watatu. Hiyo ni gari ya watu 14. Tukiweka la 65 na desturi ile ile ya kungoja lijae, wallahi tutalala pale. Mabasi ya Mumbai yana ratiba, na ratiba ina gharama yake. Nauli ya chini ya basi lenye kiyoyozi ilikuwa rupia 6, Mei 2025 ikapandishwa ikawa 12, bado haifiki shilingi 20 za kwetu. Nauli hiyo hailipi gharama, pengo linazibwa na pesa za jiji. Sacco yetu hakuna anayeizibia pengo, mwenye gari ana mkopo wa benki na kila jioni ataka hesabu yake. Kwa hiyo mwenye kusema tulete mabasi ya ghorofa aseme pia ni nani atalipia siti tupu za saa nne asubuhi, asiposema hivyo bado hajatuambia kitu.

Halafu kazi. Matatu tano ni madereva watano na makanga watano, na huku kwetu makanga mara nyingi ni kijana anayelisha nyumba nzima. Yale ya zamani ya Mumbai yalihitaji makondakta wawili, wa chini na wa juu, na gharama hiyo ni moja ya sababu zilizofanya yapunguzwe. London nao walipotoa basi lao jipya la ghorofa 2012 waliweka kondakta nyuma, kufikia 2016 wakawaondoa wote. Kwa hiyo mtu asituambie hakuna kazi itakayopotea. Ninavyoona mimi, matatu ikitolewa njia kuu kuna njia zinaililia, Ganda, Marafa, Mambrui, Gongoni, kote huko watu wanabebwa na bodaboda watatu watatu kwa kukosa gari. Lakini njia hizo hazina pesa kama ya njia kuu na mwenye matatu ana haki ya kuuliza atafidiwa vipi.

Joto pia si jambo dogo kwa pwani. Hayo ya London ya 2012 yalitolewa na madirisha yasiyofunguka, kiangazi watu wakaiva kule juu, ikabidi 2015 waanze kuyawekea madirisha ya kufungua, na hiyo ni London jamani, sio Malindi ya Februari. Bila kiyoyozi kinachofanya kazi, au madirisha mapana, ghorofa ya juu huku haikaliki. Na ngazi: mama kabeba mtoto na kikapu, amevaa buibui, gari laondoka yeye yuko kwenye kona ya ngazi mkono mmoja tu ndio umeshika chuma. Chini pawe pa wazee na wenye watoto na wagonjwa, na dereva asiondoke mpaka wa mwisho awe amekaa, jambo ambalo dereva anayekimbiza hesabu hatalifanya. Ukimlipa mshahara atalifanya.

Kwa hiyo nikiulizwa yafanye kazi wapi nasema njia za mjini Mombasa zenye watu wengi na mwendo mdogo, Mtwapa, Bamburi, kuelekea Likoni. Malindi penyewe hapana, ndani ya mji tuktuk zatutosha na barabara za mji wa kale hata pikapu yapita kwa taabu. Na safari ndefu za barabara kuu, Malindi kwenda Garsen mpaka Mokowe, huko hapana kabisa, ni mwendo wa kasi na njia ndefu iliyonyooka inayomdanganya dereva, na faida yote ya kubana nafasi barabarani huko haipo kwa sababu barabara yenyewe ni tupu.

Kitu kimoja kinaweza kuanza kesho bila kununua hata tairi. Uingereza dereva wa basi refu ana kibao mbele ya macho yake kinachosema urefu wa gari lake kwenda juu, na kuna mabasi ya zamani yaliyogeuzwa kazi yake ni kupita njiani kukata matawi tu. Kaunti ichague njia moja, wapite na mti uliopimwa urefu wa basi, kila waya uliolegea, kila tawi la mkilifi au mwembe lililolala barabarani, kila bango na kila paa la kituo liandikwe. Waya zipandishwe, matawi yakatwe. Hata mabasi yasipokuja, malori yanayokata waya na kuwaacha watu gizani siku mbili yatapita salama.