Tawi la unesi ambalo vijana wetu Uingereza wanaliruka

Mwenzako akikuambia anasomea unesi Uingereza, muulize unesi upi. Huku mwanafunzi huchagua tawi tangu anapoomba chuo: watu wazima, watoto, afya ya akili, au watu wenye ulemavu wa akili, yaani waliokua na shida ya kujifunza na kuelewa mambo. Hili la mwisho ndilo nililochagua, na vijana wetu wengi wanalipita tu. "Hao si wagonjwa," shangazi aliniambia kwenye simu. "Sasa wewe mwanangu utawatibu nini?"

Swali zuri. Ulemavu wa akili si ugonjwa, ni kweli, lakini mwenye nao huugua kama mimi na wewe, na mengine humwandama zaidi: kifafa, shida ya kumeza, kufunga choo. England, watu hawa hufariki takriban miaka 20 mapema kuliko wengine, na vifo vingi kati ya hivyo vingezuilika. Sababu mojawapo ni kwamba maumivu yao hubandikwa ulemavu. Akipiga kelele, ndivyo alivyo. Akikataa chakula, ndivyo alivyo.

Kazi yetu ni kulikataa jibu hilo. Katika mafunzo kwa vitendo nilimkuta kaka mmoja asiyezungumza, anajipiga shavu kutwa. Kwenye daftari la zamu wameandika "tabia". Nesi aliyenisimamia akachukua kile kijitabu ambacho kaka huyo huenda nacho hospitali, chenye kurasa nyekundu, njano na kijani, kinachoeleza anaogopa nini na akiumwa huonyeshaje. Kujipiga hakumo. Basi akaanza kuuliza: ameanza lini? Ni upande huo huo kila mara? Huzidi akila? Kumbe jino lilikuwa limeoza, jipu limetunga chini yake. Lilipotibiwa, mkono ulitulia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kozi hii ni ya wenye huruma tu. Huruma inatakiwa wodi zote. Hapa unasoma dawa za kifafa na zinavyogongana na nyingine, unasoma uzito wa kinywaji kwa asiyemeza vizuri, unasoma sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa mtu kujiamulia. Shahada ni miaka 3, na nusu ya saa 4,600 zinazotakiwa unazifanyia kazini.

Oliver McGowan, kijana mwenye usonji na ulemavu mdogo wa akili, alikuwa na miaka 18 alipofariki Bristol mwaka 2016, baada ya kupewa dawa ya kutuliza akili ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wameikataa. Tangu 2022 sheria ya England inataka wahudumu wa afya wafunzwe kuhusu ulemavu wa akili na usonji, na mafunzo yaliyoandaliwa kwa ajili hiyo yana jina lake. Naunga mkono kabisa. Lakini semina haimzai nesi, na vyuo kadhaa vimeshafunga kozi hii kwa kukosa wanafunzi.

Wanafunzi hao wapo, tena ni sisi. Wabongo na Wakenya wangapi huku wanafanya kea, yaani kazi ya kuhudumia, kwenye nyumba za wenye ulemavu wa akili, usiku na wikendi, na wanajua nani hatakula mpaka kiti chake kielekee dirishani? Anayestahili ruzuku ya England hupata pauni 5,000 kwa mwaka zisizorudishwa, na tawi hili huongezewa 1,000. Uzoefu wenu vyuo vinautaka. Uandikeni kwenye fomu, ombeni nafasi.