Ukiwa na mawazo, washa muziki?

Mama mdogo alipotoka eda mwaka jana, huku kwetu Ngamiani, mjini Tanga, kitu cha kwanza alichoulizia baada ya kuoga na kuvaa kanga mpya kilikuwa flashi. Miezi minne na siku kumi nyumba ile haikuwa imesikia wimbo. Mjukuu akaichomeka kwenye subufa, sauti ya mwimbaji wa taarabu Bi Shakila Saidi ikajaa ukumbini. Mama mdogo akakaa mkekani, mgongo ukutani, machozi yakaanza kumtoka. Binti yake akanyanyuka mbio akazime. "Niachie," akamwambia. "Usizime." Wimbo wa kwanza aliulilia mpaka mwisho. Wa pili akaanza kuitikia kwa sauti ya chini. Ulipofika wa tatu majirani wawili walikuwa wameshavua kandambili mlangoni, wameketi, wanaitikia naye. Alasiri wanawake walikuwa saba, chai ya tangawizi inazunguka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimsikia mama mdogo akicheka.

Siku ile inanirudia kila nikisikia ushauri huu ambao umeenea kama dawa ya dukani: ukiwa na mawazo, washa muziki wetu. Wa Kiafrika, wa watu Weusi, uwe bongofleva, amapiano, rege au rumba. Mradi una mdundo, moyo utachangamka. Wanaousema wanakutakia mema. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mtu hivyo, na baadaye nikajuta, nitaeleza. Ushauri wenyewe una ukweli mwingi. Tatizo ni kwamba unasema habari ya muziki na kunyamaza kuhusu mtu: yuko na nani anaposikiliza, na kilichomwelemea ni nini.

Ukweli wake kwanza. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio moja zuri. Waliwachagua watu ambao muziki huwasisimua mpaka vinyweleo vikasimama, wakamwambia kila mmoja aje na muziki wake, kisha wakawapima ubongo huku wanasikiliza. Ubongo ulionekana ukitoa dopamini, kemikali ambayo hutoka pia mtu anapokula chakula anachokipenda. Tena haikungoja kilele cha wimbo. Ilianza kutoka pale msikilizaji alipojua kwamba kile kipande chake kinakaribia. Aliyewahi kusimama ukumbini wakati gitaa la rumba linakaribia kufungulia sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, anaijua hali hiyo, miguu inavyotangulia kabla ya kichwa kuamua.

Lakini angalia: kila mmoja alikuja na wake. Kilichofanya kazi ni mapenzi na mazoea, si asili ya muziki. Wako bibi wa Tanga waliokulia kwenye majumba ya sinema, ambao wimbo wa Kihindi wa ujana wao utawainua kuliko ngoma yoyote ya Kiafrika. Taarabu yenyewe tunayojivunia imekunywa Misri na India. Anayesema muziki wetu unatibu kwa kuwa tu umetoka kwa watu Weusi anadai zaidi ya ushahidi alio nao.

Hata hilo neno "wetu" limewahi kuzua ugomvi. Novemba 1969 mkuu wa mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, ukionekana wa kigeni na wa kuharibu vijana. Vijana wakajibu kwa barua magazetini, na wako waliouliza muziki wa ndugu zetu wa Marekani, wajukuu wa waliochukuliwa Afrika, ungekuwaje wa kigeni. Nawaunga mkono vijana wale. Rumba ilikua Kuba mikononi mwa wajukuu wa watumwa, ikarudi Afrika ndani ya santuri zilizoitwa GV kuanzia miaka ya 1930, ikaota mizizi Kongo, na Desemba 2021 UNESCO ikaiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Hapa Tanga tulikuwa na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walipigia Jamhuri kabla ya kwenda Arusha na baadaye Nairobi, walikojulikana na bendi yao ya Simba Wanyika. Muziki uliovuka bahari mara mbili na bado ukamchezesha mkata mkonge wa Tanga, mimi sina ujasiri wa kuuita mgeni.

Ila kuna jambo linaloupa muziki wa nyumbani nguvu ambayo dopamini peke yake haielezi, nalo ni maneno. Moyo mzito mara nyingi una jambo lisilosemeka. Mke anajua anachofanyiwa, hawezi kusema. Mjane ana hasira na marehemu, nani atamwelewa? Taarabu ilitengenezwa kwa ajili ya watu hao. Kikundi cha Black Star, na Lucky Star kilichofuata, viliingiza gitaa na besi na mdundo wa kuchezeka kwenye taarabu, na mtindo huo wa Tanga ukaigwa pwani yote, lakini shairi lilibaki na fumbo lake. Mtazame mwanamke anayekwenda kutuza. Ananyanyuka taratibu, noti ameinua juu kati ya vidole viwili, hana haraka. Anazunguka kidogo ili apite mbele ya yule anayekusudiwa, bila kumtazama, na ubeti ukifika pale penye neno lake ndipo anaifikisha noti kwa mwimbaji. Amesema yote, na hakuna anayeweza kumshika ulimi. Akirudi kitini roho imesuuzika.

Nakiri hapohapo kwamba roho moja ikisuuzika hivyo, nyingine imetiwa kidonda. Mipasho, hayo mafumbo ya kuchomana kwa wimbo, imevunja ujirani wa miaka.

Na anayedhani muziki wa watu Weusi ni wa kuchangamsha tu hajausikiliza. Bluzi ilizaliwa kusini mwa Marekani kwa watoto na wajukuu wa watumwa, nayo inataja njaa, jela, kuachwa na kifo bila kupaka rangi. Nyimbo za Bi Shakila, Mungu amrehemu, aliyetutoka mwaka 2016, nyingi ni za majonzi. Mama mdogo hakuchagua wimbo wa furaha siku ile. Alichagua unaolia kama yeye, na ndio uliomnyanyua. Anayemlazimisha aliyefiwa kusikiliza vitu vya kuchangamka anamwambia, bila kukusudia, kwamba majonzi yake yanamkera.

Kilichomwinua ni nini basi, wimbo au wale wanawake saba? Nadhani historia ya mji huu inajibu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanga ilikuwa na vyama vya beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, navyo ni Marini na Arinoti, vikishindana kwa sare, tarumbeta na gwaride. Wakoloni waliona mchezo, wakati mwingine wakaona hatari. Wanachama waliona ndugu. Mtu ametoka mbali kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, hana mjomba wala shangazi hapa. Ndani ya chama anapewa cheo, anachangiwa akiugua, anazikwa na watu wanaomjua jina. Ngoma ndiyo iliyowakutanisha, lakini kilichomtoa mtu upweke ni kule kukutana. Hata lugha yetu haikutenganisha: ngoma ni chombo, ni wimbo, ni uchezaji, ni mkusanyiko, na kwa waganga ni tiba. Ni juzi tu tumeanza kuamini kwamba muziki ni kitu cha kusikilizwa na mtu mmoja, amejifungia, waya masikioni.

Hapo ndipo penye majuto yangu. Kijana wa jirani alipoteza kazi. Akajifungia chumbani na hedifoni, wiki zikapita. Dada yake alipoanza kuingiwa na wasiwasi mimi ndiye niliyemtuliza: mwache, muziki wake unamliwaza. Tulipita dirishani, tunaona kichwa kinatikisika, tunaridhika. Kumbe hapati usingizi. Chakula kinarudi kama kilivyokwenda. Usiku mmoja dada yake alizivaa zile hedifoni mwenyewe. Ulikuwa wimbo mmoja tu, wa kuachwa, umewekwa ujirudie. Ukiisha unaanza.

Alipopelekwa hospitali daktari aliutaja ugonjwa wake kwa jina: sonona, huzuni nzito isiyoondoka. Akaanzishiwa dawa, akapewa na siku za kwenda kuzungumza na mtaalamu. Ninalosema si kwamba muziki ulimuumiza. Hasara ya kazi ndiyo iliyomuumiza. Muziki ulitusaidia sisi tusione. Mtu anayelia chumbani mtaa mzima utamgongea mlango, lakini anayesikiliza muziki tunamwachia raha zake. Tena wimbo wa majonzi kwa mtu aliye peke yake na anayezungusha jambo lilelile kichwani unaweza kulichimba zaidi. Wimbo uleule mbele ya watu saba unapata mwisho, kwa sababu kuna atakayesema, haya, chai inapoa.

Wataalamu nao wana kipimo chao. Mwaka 2017 mapitio ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 9 zenye watu 421 wenye sonona, yakaona kwamba tiba ya muziki ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida hupunguza dalili, kwa muda mfupi, kuliko matibabu hayo peke yake. Ikiongezwa. Kwa muda mfupi. Na tiba ya muziki maana yake ni mtaalamu aliyeketi na mgonjwa kwa utaratibu maalumu, si simu na bando. Hayo hayapunguzi heshima ya muziki hata kidogo, ila yanautoa kwenye nafasi ya daktari.

Kuna upande ambao mijadala kama hii huuruka, na Tanga hauwezi kurukwa. Ustadhi wa mtaa wetu haafiki ala za muziki kabisa. Kwake dawa ya moyo ni ile ya Surat Ar-Ra'd, aya ya 28: kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia. Aliniambia kuwa furaha ya muziki inakwisha umeme ukikatika. Siafikiani naye kuhusu ala, na najua masheikh wenzake wenyewe hawana kauli moja katika hilo. Lakini swali lake nimelichukua kwa uzito, maana ndilo hasa la yule kijana: likizimwa spika, nini kinabaki? Na nikitazama maulidi kwenye mitaa yetu, dufu linapigwa, mabega yamegusana, mmoja anaanza na mia wanapokea, naona kinachotuliza pale kinafanana sana na kilichokuwa mkekani kwa mama mdogo. Ustadhi atakataa mfano huo. Ni haki yake.

Limebaki la sauti. Wakati mama mdogo yumo edani, mtaa wa pili walipiga kigodoro, ngoma ya mtaani ya kukesha, usiku tatu mfululizo, mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Kwa waliokuwa wanacheza ilikuwa raha, sina shaka. Yeye alijiziba masikio kwa upindo wa kanga, na usiku wa tatu akalia kwa hasira kuliko alivyolia msibani. Ulikuwa muziki wetu kabisa, wa mtaani kwetu, wa vijana tuliowalea. Mwenye mgonjwa, mwenye kichanga, mwenye mtihani kesho, wote wana mioyo ya kuangaliwa. Hata anayecheza hayuko salama: Shirika la Afya Duniani linasema sikio linavumilia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda muda huo unapungua haraka. Kwenye hili simwoni mwenye hoja ya kupinga. Raha yako isimnyime mwenzako usingizi.

Kwa hiyo mtu akiniambia leo ana mawazo, sikimbilii kumtajia wimbo. Namuuliza analala? Anakula? Anakaa na nani? Majibu yakiwa mabaya, tunakwenda hospitali kwanza, na nauli natoa. Yakiwa ni ya majonzi ya kawaida, namwambia aje kwa mama mdogo Jumamosi.

Maana mkutano ule haukuisha. Kila Jumamosi baada ya alasiri wanakaa mkekani, na saa moja kabla ya isha subufa inazimwa, wenyewe walishakubaliana. Kijana wa jirani ndiye fundi wao wa flashi. Bado anakwenda kliniki, dawa zake anameza, na Ustadhi humpitia kumjulia hali. Wiki iliyopita alinionyesha kwenye simu nyimbo alizopanga: za Black Star, za Mbaraka Mwinshehe, rumba mbili tatu. Ya sita ilikuwa ile ya kuachwa. Nilishtuka, nikamuuliza anaitakia nini. Akasema kina mama wameshajifunza kiitikio, na wakiimba wao, inaisha.